Aliyeshika Kebo ya Kambale

Kolwezi, alasiri, siku moja kabla ya treni

Ngoie, mwanangu,

Umekwenda stesheni kuilinda nafasi yenu, nami nimebaki mezani na karatasi za mwisho za maabara. Naandika mchana kwa sababu jua likitua hatuna umeme, na kwa sababu neno ninalotaka kukuambia nimelizunguka wiki nyingi gizani bila kulifikia.

Sitakuandikia habari za kuchemsha maji, wala za kutolala karibu na mlango wa behewa, wala za kuzishona karatasi zako ndani ya nguo. Mke wa mjomba wako anazijua habari hizo kuliko mimi. Maagizo nimekupa ya kutosha tangu ulipojifunza kusimama. Uliyatii yote, na tazama yamekufikisha wapi.

Nitafuata utaratibu niliowafundisha wa kuandika ripoti ya mzamo: mahali, waliokuwapo, hali ya maji, kilichotokea. Sehemu kubwa unaijua, kwa kuwa ulikuwapo. Nivumilie. Lile jambo moja usilolijua haliwezi kusimama peke yake.

Mahali ni ziwa la Nzilo. Unakumbuka chombo kilivyowasili katika masanduku mawili ya mbao, zawadi ya chuo kimoja cha ng'ambo, pamoja na mhandisi mgeni aliyekaa nasi mwaka mmoja na nusu, kisha akaondoka wiki ya uporaji akiwa na begi moja mkononi. Chombo kikabaki. Hakikuwa kikubwa, kadiri ya mbuzi aliyelala. Kilikuwa na mapangaboi matatu, taa moja, na kamera moja nyuma ya kioo kinene. Hakuna mtu anayeingia ndani yake. Anayekiongoza huketi juu ya gati, hutazama televisheni ndogo, na amri zake hupita katika kebo ndefu ya rangi ya machungwa mpaka chini ya maji. Kwa kuwa kilikuwa cheusi na kilipenda matope, ninyi wanafunzi mkakiita Kambale. Mbele ya wageni sikuliruhusu jina hilo. Moyoni nililipenda.

Chuo chetu hakikuwa na vitabu vipya, wala dawa za maabara, wala, mwishoni, vioo vya madirisha. Lakini tulikuwa na ziwa na tulikuwa na Kambale. Mwanafunzi ambaye hajapata kuiona bahari aliweza kupima joto la maji mita thelathini chini ya miguu yake, kuchora jinsi matope yalivyojikusanya, na kuutazama msitu uliofunikwa na maji siku bwawa lilipofungwa, mimi nikiwa bado kijana. Miti ile ingali imesimama. Haina majani wala ndege. Imesimama tu.

Waliokuwapo walikuwa wawili: wewe chini ya blanketi, na mjomba wako Mukendi kwenye kebo.

Wageni walicheka kila mara walipoliona lile blanketi, nami nilichoka kueleza. Mwanga wa jua huiua picha ya televisheni, kwa hiyo mwongozaji hufunikwa kichwa mpaka kiunoni, na kwa saa nzima haoni ziwa wala gati wala mtu. Huona kile tu ambacho taa ya Kambale imekigusa. Naye mshika kebo, aliye nje juani, haoni picha hata kidogo. Ana mikono yake tu. Mmoja ana macho na mwingine ana mikono, na kati yao kuna sauti. Kazi yote ya Kambale ilikuwa hiyo.

Mukendi, ndugu wa marehemu mama yako, alizijua kebo kabla ya kuijua hii. Miaka kumi na tisa alikuwa shimoni kwenye shaba, katika lile kundi la wanaume wanaobeba kwa kulabu kebo ya umeme inayoufuata mtambo mkubwa wa kuchimbia kila unaposogea. Mgongo ulipomshinda, karakana ya Kampuni ya shaba ikatuazima yeye. Jina lake lilibaki katika daftari la karakana, mwili wake ukaja kwangu. Likumbuke jambo hilo, maana ndipo ninapoelekea.

Siku ya kwanza alifunga kitambaa kwenye kebo kila baada ya mita tano, apate kujua Kambale amekwenda umbali gani. Vitambaa alivikata katika vitenge vya zamani vya mama yako. Nilimwambia kwamba tunayo rangi ya kupaka.

"Rangi inatoka mu mayi, Mwalimu," akasema. "Kitenge ya dada yangu haitoke."

Nilikuwa nimesimama nyuma yenu siku ile mlipokaribia kupigana. Ulikuwa na miaka ishirini, mwezi wa kwanza wa kujifunza, yeye akikuita Mama kama wajomba wamwitavyo binti wa dada yao, nawe ukimwita manseba, mjomba, kwa lugha ya kwao. Yeye ndiye aliyeanza:

"Kumi na tano! Mama, polepole! Uko unanivuta sawa mbuzi ya siku-kuu!"

"Manseba, mi niko naona muti!"

"Muti gani?"

"Muti ya kufa!"

"Miti yote ya kule ni ya kufa! Sema iko ku kuume ao ku kushoto!"

"Ku kuume! Hapana, ngoya, ku kushoto!"

Nami nikaingilia kati. Nikasema kwamba mwanafunzi wa chuo kikuu husema "upande wa kulia", na kwamba mti haufi bali hukauka. Mukendi hakugeuka. Mikono yake ilikuwa inaisikiliza kebo.

"Mwalimu, acha mutoto apite kwanza. Grameri itamungoya ku inje."

Chini ya blanketi nilisikia kicheko chako. Sijakisikia tena tangu mwezi ule ulipotolewa chuoni. Nilikasirika siku nzima, nikidhani nimevunjiwa heshima mbele ya wanafunzi. Leo ningemtafuta mtu wa kunivunjia heshima namna ile.

Wakumbuka pia mzinga. Kambale alikuwa anapita kati ya matawi, nawe ghafla ukatuita tuingie chini ya blanketi, mimi na Mukendi, vichwa vitatu katika joto lile. Kwenye kioo kulikuwa na mzinga wa nyuki, wa gome, umefungwa kwenye tawi kwa kamba ya gome, kama mwenyewe alivyoufunga. Miaka yote ile chini ya maji, na fundo halikulegea. Mimi nilianza kueleza kwamba mahali penye hewa kidogo vitu huoza polepole. Mukendi aliutazama mzinga muda mrefu.

"Mwenyewe alifikiri atarudia," akasema, akatoka nje kuishika kebo yake.

Yeye ndiye aliyekufundisha ile kanuni ambayo mimi nilikuja kuiandika ubaoni kana kwamba ni yangu: Kambale asirudi kwa njia ya mkato. Hata kama gati liko mbele yake, hata kama betri inakwisha, arudi akiifuata kebo yake mwenyewe, mti kwa mti, kama alivyokwenda. Akikata njia, kebo inabaki imezunguka miti, na kila anavyovuta ndivyo anavyojifunga.

Sasa hali ya maji. Wakubwa wa jimbo letu la Katanga waliposema redioni kwamba watu wa Kasai, jimbo jirani, warudi kwao, niliamini ni maneno ya wanasiasa, na kwamba sarufi yao mbaya ingewaangusha. Mukendi amezaliwa hapa Kolwezi, katika kambi ya wafanyakazi. Baba yake aliletwa na Kampuni akiwa kijana. Hiyo Kasai wanayoiita kwao hajaiona hata siku moja. Ninyi mnaopanda treni kesho hakuna hata mmoja aliyeiona.

Kisha tangazo likafika chuoni: kila mkuu wa sehemu athibitishe orodha ya watu wake wenye asili ya Kasai, ili nafasi zao wapewe wana wa nchi. Karani wa chuo aliniletea orodha ya maabara ikiwa imekwisha kupigwa mashine. Majina matatu. Nilivaa miwani, nikayasoma. Jina la Mukendi halikuwamo, kwa sababu karani alikuwa ameandika kutoka katika daftari letu, na Mukendi, kama nilivyokuambia, alikuwa katika daftari la karakana. Karakana nayo ilikuwa imesahau kwamba ana yeye, kwa kuwa hakuonekana kule kwa miaka mitano. Alikuwa amepita katikati ya nyavu mbili.

"Iko kamili, Tata Mwalimu?" karani akauliza. Alikuwa tayari ameifunika kalamu kwa kifuniko chake.

Nikasema, "Haijakamilika. Kuna Mukendi wa kwenye kebo."

Karani akalitafuta jina. "Huyu hayuko mu registre yetu."

"Anafanya kazi kwangu."

Akanitazama. Ni kijana wa hapa, mwana wa nchi, na hakuwa na deni lolote la upendo kwa watu wa Kasai. Lakini aliisogeza karatasi kidogo, akaiweka katikati yetu, akasema polepole, kama mtu anayemsaidia kipofu kuvuka njia: "Tuandike, Tata? Ao tuache?"

Nikasema, "Orodha ni orodha."

Akaandika.

Hilo ndilo jambo lenyewe, Ngoie. Hakuna mtu aliyelitoa jina la mjomba wako ila mimi. Sikulazimishwa, wala sikuulizwa habari zake. Niliulizwa swali moja ambalo jibu lake fupi lilikuwa "ndiyo", na neno hilo lingetosha.

Nimejaribu kujieleza nafsi yangu kama ninavyomweleza mwanafunzi aliyeshindwa. Sikuwa na chuki. Laiti ningekuwa nayo, ningekuwa na sababu. Maisha yangu yote nimewaambia watu kwamba kazi isiyo kamili ni uongo. Niliipata kanuni hiyo kwa mapadri, kwa fimbo, na nikaishukuru. Siku ile niliona pengo katika karatasi, mkono wangu ukaliziba, kama ninavyoweka nukta mwishoni mwa sentensi ya mtu mwingine. Hivyo ndivyo nilivyojiambia kwa mwezi mzima. Mwezi wa pili nikakubali kwamba kulikuwa na kitu kingine: niliogopa kwamba siku moja mtu angesema Mwalimu amemficha shemeji yake. Ulikuwa woga, nami niliuvika suti na tai, nikauita usahihi.

Siku tatu baadaye wakamwondoa. Wiki iliyofuata nyumba yao ikachukuliwa, na Mukendi akaenda stesheni na mke wake, watoto wanne, cherehani, na mlango wa nyumba alioung'oa bawabani kwa sababu aliutengeneza mwenyewe. Wakaambiwa treni itakuja. Hiyo ni miezi mitatu sasa.

Kilichotokea Nzilo baada ya hapo unakijua, ila hukijui kwa maneno yangu, na maneno yangu ya kwanza yalikuwa ya uongo.

Mtihani wa vitendo ulikuwa umekaribia. Mlikuwa mmebaki wanafunzi tisa. Wewe ulikuwa bado ndani kwa sababu nilikuwa nimewaonyesha cheti chako, chenye kabila la baba. Hakukuwa na mshika kebo, nami nikasema nitaishika mwenyewe. Nilivihesabu vitambaa kwa macho kama mtu anayehesabu nguo kwenye kamba. Mikono yangu haikusikia kitu. Mawingu yalikuwa yanakuja kutoka upande wa ukuta wa bwawa, na nilitaka kumaliza.

Ukasema kutoka chini ya blanketi, "Tata, kable iko nzito."

Nikasema, "Rudi moja kwa moja."

"Manseba anasemaka, nirudie mu njia nilikuya nayo."

"Nimesema moja kwa moja."

Ukatii. Mti uleule ukapita kwenye kioo mara mbili. Mara ya tatu haukupita, ukasimama mbele ya kamera, gome lake jeupe, karibu kabisa. Tukavuta, sote kumi. Kisha picha ikawa chembechembe nyeupe, kisha ikawa kioo tupu, na mvua ikaanza. Mimi ndiye niliyeikata kebo kwa koleo.

Katika ripoti niliandika: kosa la mwongozaji. Niliisoma kwa sauti mbele ya wenzako wanane. Ulikuwa umetoka chini ya blanketi, nywele zimelowa jasho, ukanitazama na kusema, "Ndiyo, Mwalimu." Hukusema Tata, baba. Nilitambua, nikaendelea kusoma.

Naliandika hapa kwa mkono wangu: mwongozaji hakukosa. Mwongozaji alilijua jambo lililo sahihi, akalisema. Aliyekosa ni mshika kebo. Na mshika kebo hakuwa na haki ya kuwa pale, kwa sababu mwenye mahali pale alikuwa ameketi stesheni juu ya mlango wake kwa ajili ya neno langu moja.

Wiki ile ile ya ripoti wakakutoa chuoni pamoja na wengine wenye mama wa Kasai, kwa cheti au pasipo cheti. Kisha vijana wa mtaa wakaja hapa nyumbani. Mmoja nilimfundisha hesabu. Alinisalimu kwa adabu kwanza.

"Mwalimu, tunakuya kwa heshima. Tunatafuta bilulu."

Wadudu. Ndivyo wanavyowaita, nawe ulikuwa jikoni unasikia. Mimi sikusimama mlangoni. Nilikwenda kabatini, nikatoa faili lako, nikawapa cheti cha ubatizo. Nikawaeleza kwamba mtoto ni wa baba yake, na baba ni mimi, mwana wa Katanga ya kaskazini. Yule wa hesabu akakisoma chote, mstari kwa mstari, kama nilivyomfundisha.

"Iko muzuri," akasema. "Inaandikwa muzuri kabisa. Lakini karatasi haina sura, Tata. Sura ni ya mama yake."

Wakacheka, wakachora msalaba wa chaki mlangoni, wakaenda zao. Nilijivuna kidogo, nisikufiche. Nilidhani karatasi zangu zimewashinda.

Asubuhi yake ukaniambia, "Tata, mi naenda na ba manseba."

"Kwa nini? Karatasi zako ziko sawa."

"Karatasi njo iko sawa. Mi, siko sawa."

Nami nikakusahihisha hicho kitenzi: karatasi ni "ziko", si "iko". Mungu anisamehe. Mwanangu ananiambia kwamba anaondoka, mimi nasahihisha kitenzi.

Kuna jambo la stesheni ambalo hukulisikia, kwa kuwa ulikuwa umekwenda kuteka maji. Ni siku ile baada ya kumzika Kapinga, binti mdogo wa Mukendi, nyuma ya maghala ya reli. Miaka miwili, surua, mvua, na dari ya turubai. Nilikwenda nimejiandaa. Njia nzima nilikuwa nimeyapanga maneno: mwanzo, kati, mwisho. Mukendi alikuwa ameketi juu ya ule mlango. Akanipisha nafasi, nikakaa. Kabla sijafungua kinywa akaushika mkono wangu kwa mikono yake miwili, ile mikono.

"Shemeki," akasema, "mi niko nafikiri sana hapa. Kila mutu ya hapa alitaywa na mukubwa wake mwenyewe. Mi, hapana. We hukunitaya. Ni batu ba atelie njo balinitaya. Hii kintu haitanitoka mu roho. Aksanti, Mwalimu."

Nikasema, "Si kitu, shemeji."

Ndivyo nilivyosema. Nilizipokea shukrani zake, akidhani waliomtaja ni watu wa karakana na si mimi, na mtoto wake alikuwa ardhini tangu jana yake. Nilikaa pale juu ya mlango wake mpaka uliporudi na ndoo, na wewe ukafurahi kutuona tumeshikana mikono.

Siku ileile aliniomba kipande cha kebo kilichobaki. Alitaka kuwafunga watoto, kwa sababu mabehewa mengi hayana kuta, na kumekuwa na watoto walioanguka wakiwa usingizini. Nilimwambia kwamba kebo ni mali ya chuo na imo katika orodha ya vifaa. Naye akasema, "Najua, Mwalimu, najua," kana kwamba yeye ndiye aliyekosa kuomba.

Leo asubuhi nilikwenda maabara. Mlinzi amekwisha kuondoka, na mlango uko wazi. Nimeikata kebo vipande vitano, kimoja kwa kila mtoto wake aliyebaki, kimoja chako, na kimoja cha kufungia cherehani. Sikutia sahihi popote. Ni mara yangu ya kwanza. Vipande vimo katika mzigo wako, na vitambaa vya mama yako vingali juu yake, rangi zake zote. Mukendi alisema kweli. Hazikutoka.

Ulitaka nikupe neno la kwenda nalo. Uliniuliza jana, mimi nikajifanya natafuta miwani. Sina mengi. Usiniombe nikuambie kwamba mtarudi. Nimekuwa mwalimu miaka thelathini na moja, na sijui njia ambayo mngerudi kwayo. Miti ni mingi mno, na aliye upande huu wa kebo ameikata kwa mkono wake. Wala sidhani kwamba huko mnakokwenda wanawangoja. Watawaita watu wa Katanga. Utakuta kalamu na orodha huko pia, maana hazikosekani mahali popote. Basi neno langu ni hili, nalo ni dogo: mtu mwenye kalamu akikuuliza kama majina yamekwisha, mjibu yamekwisha. Hata ukiona pengo, hasa ukiona pengo. Ukae kimya na uliache lipumue.

Kambale yuko chini. Nimempa ngeli ya viumbe hai, kama mlivyotaka ninyi. Nafikiri juu yake kuliko inavyonipasa. Betri yake ilikuwa na nguvu ya saa mbili zaidi, kwa hiyo baada ya sisi kuondoka kwenye gati, katika mvua, taa yake iliendelea kuwaka na kuuangaza ule mti, na hapakuwa na mtu chini ya blanketi wa kuutazama.

Sasa sikiliza mpango wangu. Kesho nitakusindikiza. Tutakwenda kwa miguu mpaka stesheni, nitabeba mzigo wako mimi. Treni ikija, itasimama muda kabla ya kuondoka, husimama kila mara. Katika muda huo nitamwendea Mukendi, nitamwambia mbele ya mke wake na mbele yako: jina lako nililitoa mimi. Nitalisema kwa Kiswahili chake mwenyewe, asipate kudhani ni ripoti. Atafanya atakalofanya. Akinipiga, usimzuie. Akinikataza nisikuage, atakuwa na haki, na wewe upande behewani bila kugeuka.

Barua hii nitaiweka chini kabisa ya mzigo, ndani ya mkunjo wa kile kipande cha kebo kilicho chako, ambapo hutaifikia mpaka mwanze kuwafunga watoto, yaani treni ikiwa imekwisha kushika njia. Kwa hiyo wakati unasoma hapa, unajua tayari kama nilisema au sikusema. Mimi, ninapoandika, sijui. Lakini ninajifahamu. Nimewahi kukaa juu ya ule mlango na maneno yangu yote yakiwa tayari.

Ikiwa nilisema, itupe njiani.

Ikiwa sikusema, msomee mjomba wako, kuanzia pale karani alipoifunika kalamu, mpaka pale alipoandika. Usipunguze neno. Ndiyo maana nimeandika kwa herufi kubwa namna hii na kuacha nafasi kati ya mistari, nikamaliza karatasi zote za maabara: zisomeke behewani, treni ikitikisika.

Baba yako